Kaka Yako Sasa Anapanda Tramu

Söflingen, Ulm
Jumapili, tarehe 6 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa Irmtraud,

Pokea salamu zangu kutoka huku kusini, wewe na shemeji yangu Hinrich na wote wanaoingia na kutoka nyumbani kwenu. Mimi ni mzima, ukiacha masikio, ambayo yamestaafu bila kuniaga. Je, goti lako linaendeleaje? Hinrich aliniambia kwamba sasa unashuka ngazi bila kushika ukuta. Nimefurahi, ingawa namjua mumeo, mtu wa kusema kila kitu ni shwari hata paa likivuja. Na kifua chake je? Mwambie nimesema aache kutembea gatini asubuhi bila skafu akijifanya baharia. Miaka arobaini alikuwa karani wa forodha, na karani hufunga skafu.

Huku mvua zimeanza na Danubi imejaa hadi kwenye majani ya ukingoni. Jana nilipika dengu na tambi za kukwangua kama alivyokuwa akipika mama, nikasahau kutia siki, nikala hivyo hivyo. Ungekuwepo ungeninunia hadi jioni.

Umelalamika kwamba siku hizi ukinipigia simu nyumbani hunipati. Ni kweli. Mara nyingi niko kwenye tramu. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu unaniuliza maswali matatu kwa mpigo na jibu langu hupotea njiani. Basi weka chai yako mezani, usome taratibu.

Unajua kwamba mwezi wa nne nilirudisha leseni ya udereva. Huku kwetu mzee akiirudisha kwa hiari yake hupewa tiketi ya mwaka mzima bila malipo, ya tramu, basi na treni za karibu. Nilikwenda mwenyewe ofisi ya manispaa, nikachukua namba, nikakaa, nikaitwa kaunta ya pili. Alikuwepo dada mmoja kijana mwenye kucha ndefu za kijani. Akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu nikishaiacha pale hairudi. Nikamwambia nina hakika. Akaitazama ile picha yangu ya mwaka sitini na tatu, nikiwa na nywele, akasema, “Babu, ulikuwa mtanashati.” Nikamjibu kwamba tangu siku ile nimekuwa nikiteremka mlima. Akacheka, akatoboa tundu kwenye leseni, akanipa fomu ya kupeleka ofisi ya tiketi.

Irmtraud, nimefundisha watu udereva katika mji huu miaka thelathini na minane. Nilipotoka nje nilijipapasa mifukoni mara tatu kama mtu aliyesahau koti lake mahali na hakumbuki ni wapi.

Ofisi ya tiketi wakaniambia tiketi ya mwaka huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Siku ile ilikuwa tarehe nne. Kwa hiyo karibu mwezi mzima ilinibidi ninunue tiketi kwenye mashine kama watu wengine wote, na mimi maishani mwangu sijawahi kuigusa mashine ile. Kwa nini niiguse? Nilikuwa na gari.

Kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya mashine kituo cha Söflingen. Mashine ile ina maswali kuliko mwendesha mashtaka. Unakwenda wapi, kanda ngapi, safari moja au siku nzima, watu wangapi, mkubwa au mtoto. Jua linapiga kioo moja kwa moja, huoni kitu. Nyuma yangu foleni imeanza kujikohoza. Mimi niliyekuwa nikiwafokea watu waliositasita kwenye makutano, nikasitasita hadi mashine ikachoka kunisubiri, ikarudi mwanzo. Mwanafunzi mmoja mwenye mkoba mgongoni akasema kwa upole, “Bonyeza tu, babu, haiumi.” Nikabonyeza. Tiketi ikatoka. Nikaingia kwenye tramu kifua mbele kama bwana harusi.

Tulipopita kituo cha Ehinger Tor wakaingia wakaguzi wawili. Mmoja alikuwa mpana, mwenye kipara na ndevu za kijivu. Akaichukua tiketi yangu, akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. Akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia sabini na tisa. Akasema, “Tiketi hii ni ya mtoto.”

Behewa zima likasikia. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa gazeti, mabega yakawa yanatikisika. Nikaanza kueleza habari za jua na kioo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Mkaguzi akainama, akaniangalia usoni kwa karibu. “Mwalimu Bächtle?” Nikamwambia ndimi. “Mimi Nusser. Volker Nusser. Nilirudia mtihani mara nne.”

Nikamkumbuka papo hapo. Mwaka tisini na moja, kijana mwembamba mwenye mikono ya maji. Alirudi nyuma kwa gari langu jipya akaigonga nguzo ya taa mbele ya maktaba. Akaniuliza kama nakumbuka nilichomwambia siku ile. Nikasema sikumbuki. Akasema yeye hajasahau mpaka leo. Kumbe nilimwambia hivi: “Nusser, nguzo haikutoka kwake kuja kukugonga. Sema nimekosa, turudi nyuma, tuanze upya.”

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani.

Tukashuka naye kituo cha Theater. Akanisimamisha mbele ya mashine, akasimama upande wangu wa kulia, pale pale nilipokuwa nikikaa mimi ndani ya gari nikimfundisha, akaanza: “Tulia. Tazama kwanza. Usikurupuke. Kanda gani? Vizuri. Sasa mkubwa au mtoto? Soma, mwalimu, usikisie.” Alinirudisha mwanzo mara tatu kabla ya kuniruhusu kulipa. Ni sauti yangu ile, Irmtraud. Nilijisikia mwenyewe, na nikajiuliza watu walinivumilia vipi. Mwishoni akasema safari hii amenisamehe, ila nikirudia ataniandikia faini bila kujali nani alimfundisha nani. Tangu siku ile tukikutana huniuliza mbele za watu, “Mwalimu, leo umeamka na umri gani?” nami humjibu, “Minane na nusu, na nyumbani wanajua niliko.”

Mwezi wa tano tiketi yangu ya mwaka ikaanza, kadi ngumu yenye jina langu, nami nikawa mtu wa kuzurura. Sikujua kama mji huu ni mkubwa hivi. Mtu anayeendesha gari huona barabara tu na visigino vya walio mbele yake. Sasa naona watu. Napenda kukaa nyuma kabisa ya dereva. Mwanzoni, kila tramu ilipokaribia kona, mguu wangu wa kulia ulikanyaga sakafu kutafuta breki. Abiria mmoja aliniuliza kama nina maumivu ya mguu. Siku nyingine mwanamke mwenye nywele nyeupe alikaa kando yangu, akanitazama muda mrefu, kisha akasema nilimfundisha kuegesha mwaka sabini na saba na alilia njia nzima kurudi kwao. Nikamwomba radhi. Akasema haina haja, hajawahi kukwaruza gari.

Nimepata na marafiki. Yupo Bi Seeburger, aliyekuwa akiuza nyama pale sokoni kwetu, utamkumbuka kwa kicheko chake. Naye alirudisha leseni kama mimi. Kila Jumanne mchana tunapanda treni kwenda Blaubeuren, tunakunywa kahawa, tunasema vibaya habari za magoti ya watu wengine, tunarudi. Mwezi wa sita, tukiwa njiani, alinieleza kwamba yeye aliliacha gari kwa sababu ya mtoto wa jicho, hataki mambo ya kujidanganya. Kisha akaniuliza mimi je. Nikamwambia binti yangu aliona ni bora. Akatikisa kichwa, akasema, “Hawa watoto wetu. Ukizeeka wanakupanga kama fanicha.” Akanipa kipande kikubwa cha keki yake. Nami nikakila.

Sasa nikueleze habari ya kadi yako ya mwaliko.

Ilifika wiki tatu zilizopita. Miaka sabini na mitano, mdogo wangu, na mwandiko wako bado umesimama wima kama askari. Nilifurahi sana. Nikaisoma mara ya pili, ndipo nikaona jina langu peke yake. Nikadhani ya binti yangu Dorothee imepelekwa kwake. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda kwake nikamkuta anapanga juu ya keki yale matunda ya zambarau ya bustanini kwake, amejaa unga hadi kwenye miwani. Nikamwambia tununue tiketi za treni mapema, maana tiketi yangu ya mwaka haifiki kwenu Bremerhaven. Akasema niende tu, yeye ana kazi maktaba. Nikamwambia sherehe ni Jumamosi jioni, maktaba ipi hiyo. Akaendelea kupanga matunda, moja moja, kama anapanga vitabu. Nikasema sitoki hapa jikoni mpaka uniambie. Akanawa mikono, akafungua droo ya vijiko, akanipa barua yako ya mwezi wa tano.

Niliisoma nimesimama. Uliandika kwamba amemnyang'anya baba yake kitu cha mwisho alichobaki nacho ili yeye asisumbuliwe. Uliandika kwamba mwanamume aliyefundisha nusu ya Ulm sasa amefungiwa ndani kama mfungwa, na kwamba hutaki kumwona mezani kwako mtu mwenye roho kama hiyo. Sikukasirika nawe. Najua kilichokufanya uiandike. Ulikuwa na miaka sita ulipomng'ata mkono Ernst Wörz kwa sababu alinisukuma kwenye theluji, na mpaka leo ukisikia mtu amenigusa meno yako yanawasha.

Nikamuuliza Dorothee kwa nini hakukujibu. Miezi minne, barua kama ile, amekaa nayo kwenye droo ya vijiko. Akasema, “Ningemjibu nini, baba? Uliniomba nisimwambie mtu. Nikakuahidi.” Akachukua taulo akapangusa miwani, akarudi kwenye keki yake. Hakunilaumu hata kwa jicho. Ndiyo maana nimekaa leo na karatasi.

Irmtraud, Dorothee hakuninyang'anya kitu. Nitakueleza ilivyokuwa, na ukimaliza kusoma utajua ulipaswa kumwandikia nani barua ile.

Ilikuwa Ijumaa, mwishoni mwa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Tulikuwa tunakwenda kununua udongo wa bustani, mimi nikiendesha na Dorothee kando yangu. Mvua ya rasharasha, hakuna la kutisha. Kwenye kona ya duka la dawa nilikata kulia. Nilikuwa namtazama mwendesha baiskeli upande wa kushoto, nikafikiri nimetazama na kulia. Ghafla gari likaruka, likajikita, injini ikazima. Dorothee alikuwa amevuta breki ya mkono kwa mikono yake miwili.

Mbele ya gari alisimama mwanamke. Taa ya kuvuka ilikuwa ya kijani, yaani njia ilikuwa yake. Bampa lilikuwa limeligusa koti lake. Alikuwa amebeba chungu cha maua, kikawa kimepasuka chini, na udongo wote umemwagika barabarani. Aliweka kiganja chake juu ya boneti, akakiacha hapo, kama mtu anayemtuliza farasi. Nikateremsha kioo. Nilitegemea matusi. Hakutukana. Akaniuliza tu, “Mzee, hukuniona kabisa?” Nikamwambia, “Sikukuona.”

Na koti lake lilikuwa la njano, Irmtraud. Njano ya wafanyakazi wa barabarani. Yule mwanamke aliivaa mahsusi ili mtu kama mimi amwone.

Dorothee alishuka, akamshika mkono, akamuuliza kama ameumia, akamwokotea maua. Mimi sikuweza kutoka. Miaka yote ile nilikaa kwenye kiti cha kando na mguu juu ya breki yangu ya pili, nikiokoa watu ambao hawakujua kama wameokolewa, na siku ile nilikuwa mimi upande wa usukani, na binti yangu hakuwa na breki ya pili, alikuwa na mikono yake tu. Aliporudi alizunguka hadi upande wangu. Akafungua mlango wangu, nikasogea, akaendesha yeye.

Nyumbani alichemsha kahawa. Hakutaja leseni. Ni mimi niliyesema nitairudisha, na ni mimi niliyemwomba, tena nimemshika mkono, asimwambie mtu yeyote, hata wewe, hasa wewe. Nilitaka mji huu uendelee kunijua kama mwalimu Bächtle. Wiki mbili nilikuwa nikifumba macho naliona lile koti. Kisha nikaenda kaunta ya pili.

Halafu ukapiga simu. Nakumbuka maneno yako: “Nani amekutoa kwenye gari lako?” Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Nikasema Dorothee ameona ni bora. Ukaanza kumfokea ilhali hayupo, nami nikashikilia simu nikanyamaza. Na jambo baya zaidi, ambalo sijamwambia hata Dorothee, ni kwamba huruma yako ilinipendeza. Nilijisikia nimeonewa, na mtu aliyeonewa hatazamwi kama mtu aliyekaribia kuua. Ndivyo nilivyokula keki ya Bi Seeburger. Jumanne iliyopita nilimwambia ukweli ndani ya treni. Tulipokaribia Blaubeuren akasema, “Basi kahawa ya leo unalipa wewe,” na akanishika mkono tulipokuwa tunashuka.

Nimekosa, mdogo wangu. Nimekosa kwa yule mwanamke, ambaye jina lake sikuuliza, na nimekosa kwako, kwa kukufanya umwonee mtu asiye na hatia. Kwa Dorothee sijapata neno linalotosha. Usinihurumie. Ila nakuomba umpigie simu. Alhamisi mchana huwa yuko nyumbani. Usimwambie maneno marefu, hatayaweza; ana ulimi mzito kama marehemu mama yake. Mwambie tu umepata barua yangu. Na usiogope kwamba atakununia. Kila nikimwambia nimezungumza nawe, kabla ya lolote huuliza shangazi anaendeleaje, na miezi yote hii sikuona uzito wa swali hilo.

Jana nilikwenda stesheni nikanunua tiketi za kuja Bremerhaven. Sikwenda kwenye mashine. Nilikwenda dirishani, kwa mtu, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika. Nimenunua mbili, viti vilivyopakana, cha dirishani ni chake. Yeye hajui bado. Nimeziweka ndani ya bahasha nyeupe juu ya redio, na nitampa siku utakayompigia.

Kama baada ya kusoma haya bado unataka mgeni mmoja tu kutoka Ulm, basi na awe yeye. Mimi tiketi yangu naweza kuirudisha. Nimeshamuuliza mtu wa dirishani.

Msalimie Hinrich, wasalimie majirani zako wa ghorofa ya juu na yule mbwa wao anayenichukia. Mungu akuzidishie miaka, na hiyo sabini na mitano uifikie ukiwa na kila mtu wako mezani.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Gotthilf